Choya, tangawizi na ukwaju kwenye kegi: shajara ya mradi

Novemba, vuli haijakolea

Mradi umeanza rasmi, kwa hiyo naandika kwanza unahusu nini. Nataka kuuza vinywaji vyetu vya nyumbani, choya (ya maua ya rozela), tangawizi na ukwaju, vikitoka kwenye koki vikiwa baridi, glasi kwa glasi, bila chupa za plastiki. Wateja ni wa namna mbili: wanaopita hapa Ilala mchana wakiwa na kiu, na wenye shughuli zao, yaani harusi, maulidi, na futari Ramadhani itakapoingia. Shughuli ya watu mia mbili, kila mmoja akinywa glasi mbili, inamalizwa na kegi sita, yaani mapipa madogo ya chuma, za lita 19. Ukiweka kwenye chupa, kesho yake kuna mlima wa plastiki wa kuzoa.

Kegi nilizopata ni zile nyembamba za stenlesi zinazoitwa Cornelius, kwa jina la kampuni ya Marekani iliyozitengeneza. Zilibuniwa kubebea sharubati nzito ya soda. Pepsi na Coca-Cola walizitumia kwenye migahawa kwa miaka mingi kabla ya kuhamia kwenye mifuko inayokaa ndani ya boksi. Zangu zimetoka kwenye kontena la vifaa vya mkahawa vilivyotumika. Nimezichagua kwa sababu mfuniko wake unatoka wote na mkono unaingia. Kegi ya bia huwezi kuchungulia ndani bila vifaa maalumu, na mimi sitaki kuhifadhi kinywaji kwenye chombo ambacho siwezi kukikagua kwa macho na kukisugua kwa mkono.

Watu wananiambia, "Dada, hiyo si bia, itakaa tu." Nataka niliweke sawa jambo hili mapema, maana mradi mzima umesimama juu yake. Bia inajilinda. Ina kileo, ina uchungu wa hopi, na sehemu kubwa ya sukari yake imeshaliwa na hamira kabla haijaingia kwenye kegi. Choya yangu ina gramu 90 hivi za sukari kwa lita na mlinzi wake ni ukali wake peke yake. Hamira ya hewani ikipata njia ya kuingia, imekuta karamu.

Na kwetu pwani kuchacha kwa kinywaji si hasara ya fedha tu. Hamira ikila gramu 8 tu za sukari katika lita moja, kileo kinafika nusu asilimia ya ujazo, kiwango ambacho Marekani wameweka kuwa mpaka wa kinywaji kuitwa kisicho na kileo. Mimi nina zaidi ya mara kumi ya sukari hiyo ndani ya kegi. Mtu anayefuturu kwa glasi yangu ameniamini kwamba nilichomwekea mezani ni halali. Ibn Abbas amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akirowekewa zabibu kavu, akinywa maji yake siku hiyo, kesho yake na keshokutwa mpaka jioni; kilichobaki huamuru kinywewe au kimwagwe. Hapakuwa na friza wala kipimo, palikuwa na muda unaojulikana, na baada ya muda huo hakuna kubahatisha. Nataka kegi zangu ziwe na muda wa namna hiyo, ulioandikwa juu ya mfuniko na usiojadiliwa.

Novemba, mwishoni

Kabla ya kununua hata mpira mmoja wa kupitisha kinywaji nimeamua nini kinastahili kuingia kwenye kegi na nini hakistahili. Hapa kigezo ni namba moja: pH 4.6 (pH ni kipimo cha asidi, ikishuka asidi imezidi). Chini ya hapo bakteria wa Clostridium botulinum, yule mwenye sumu inayopooza mwili, hawezi kuota. Juu ya hapo anaweza, na anachopenda hasa ni mahali pasipo na oksijeni. Kegi tunaitoa hewa yote kwa makusudi ili kinywaji kisipoteze rangi na ladha. Kwa hiyo kegi ni mahali pazuri kwa kinywaji chenye asidi na mahali pa hatari kwa kisicho na asidi.

Choya imepita bila maswali. Kipimo kimeonyesha pH 2.7. Ukwaju vilevile, una asidi nyingi ya tartariki. Tangawizi yenyewe haina ukali wa asidi, muwasho wake unadanganya ulimi. Maji yake matupu yamesoma juu ya 5. Inaingia kwenye kegi baada tu ya kukamuliwa ndimu mpaka ishuke chini ya 3.8, na kila pishi linapimwa, maana ndimu za msimu huu si za msimu ule.

Vinywaji vilivyobaki nje vimezua mjadala nyumbani. Juisi ya miwa ndiyo inayopendwa kuliko zote mtaani, na mdogo wangu aliitaka kwa nguvu. Lakini maji ya muwa yana pH ya 5 na kitu, yanabadilika kuwa kahawia mara yakikutana na hewa, na bakteria wa Leuconostoc anayageuza kuwa na utelezi unaovutika. Yule mwenye mashine anayekamua mbele yako na kukupa papo hapo, na kipande cha tangawizi na ndimu ndani, amepata jibu sahihi la kinywaji hicho tangu zamani. Madafu nayo ni hivyo hivyo: hayana asidi ya kutosha, na dafu lenyewe ni chombo kizuri kuliko chochote nitakachonunua.

Kahawa baridi ndiyo iliyonichukua muda mrefu. Vijana wanaitaka, ile inayosukumwa kwa naitrojeni mpaka inatoka na povu laini. Kahawa iliyoloanishwa kwa maji baridi ina pH inayokaribia 5, haina asidi ya kutosha, na ndani ya kegi yenye naitrojeni haina oksijeni. Mwaka 2017 kampuni ya Marekani iitwayo Death Wish Coffee iliyarejesha kutoka sokoni makopo yake ya kahawa ya namna hiyo kwa sababu utaratibu wa kuitengeneza ungeweza kuruhusu sumu ya botulini, ingawa hakuna aliyeugua. Kampuni yenye kiwanda iliona bora kurudisha mzigo. Mimi mwenye friza moja na umeme unaokatika sina sababu ya kujaribu. Kahawa itatengenezwa usiku, ikae kwenye jagi ndani ya friji, na iishe siku hiyo hiyo.

Desemba, wiki ya kwanza

Kariakoo na Gerezani, kutafuta vifaa. Fundi wa friji niliyemwendea ana mikono mizuri, kazi zake nimeziona. Alipendekeza tupitishe kinywaji kwenye koili ya shaba iliyozamishwa kwenye barafu, ili kipoe njiani.

"Dada, kopa inapitisha baridi kuliko kitu chochote. Na ninayo hapa, hutatafuta."

Ni kweli inapitisha baridi. Nikamwomba alete kipande, nikakizamisha nusu kwenye kikombe cha choya mpaka tulipomaliza kunywa chai. Sehemu iliyozama ilitoka inang'aa.

"Ule weusi umekwenda wapi, fundi?"

Akacheka, akasema, "Umeunywa."

Kinywaji chenye asidi, na hata maji yenye gesi peke yake, yanayeyusha shaba. Watu wametapika na kuumwa tumbo kwa sababu maji yenye gesi yalirudi nyuma kwenye mabomba ya shaba ya mashine za soda, ndiyo maana mashine hizo hufungwa valvu ya kuzuia kurudi nyuma. Na hatari hii haiko kwenye koili tu. Koki nyingi zinazouzwa kama za stenlesi ni za brasi iliyopakwa kromi. Ikikwanguka kidogo ndani, asidi inaanza kula. Sumaku haisaidii sana kuzitofautisha. Nimezoea kufungua koki na kukwangua kidogo ndani ya shingo yake kwa ncha ya kisu: ikionekana njano, naiacha dukani.

Tumekubaliana stenlesi kila mahali kinywaji kinapogusa. Imeongeza gharama na fundi amelazimika kutafuta koili kwa mtu mwingine, ila amekubali, na sasa yeye ndiye anayewaeleza wenzake kisa cha kikombe cha choya.

Desemba, katikati

Gesi ya kaboni (kaboni dioksidi), ile inayosukuma kinywaji na kukitia povu. Nimekodi mtungi wa kilo 6 na nimesisitiza iwe ya chakula, maana mtungi wa gesi hii hii kwa wachomeleaji unaweza kuwa na mafuta au kutu ndani. Inanifurahisha kujua kwamba gesi ya kaboni kwetu inavunwa ardhini: Rungwe, mkoani Mbeya, inatoka chini ya miamba ya volkano, na Kenya wanayo Kereita, kaunti ya Kiambu.

Mambo mawili yameandikwa ukutani kwa kalamu nene. La kwanza, mtungi unapimwa kwa mizani. Saa ya presha haisemi gesi imebaki kiasi gani, kwa sababu ndani kuna kimiminika, na presha inabaki palepale mpaka kimiminika kiishe. Tena kwa joto la Dar ni vigumu zaidi: ikipita digrii 31 kimiminika hakipo tena, yote imekuwa kitu kimoja, na mshale unapanda na kushuka kwa jua badala ya matumizi. Uzito hautegemei jua.

La pili, mlango wa stoo haufungwi. Kilo 6 za gesi hii zikivuja zote zinajaza zaidi ya mita tatu za ujazo, na stoo yangu ni mita 3 kwa 3. Hiyo ni zaidi ya asilimia 10 ya hewa yote ya chumba, ilhali asilimia 4 inahesabiwa kuwa hatari ya papo kwa papo kwa uhai wa mtu. Ni nzito kuliko hewa, inalala chini, haina rangi wala harufu ya kukushtua. Tumetoboa matundu ya hewa chini ya ukuta, usawa wa sakafu, na mtungi umefungwa mnyororo ukiwa wima. Mtoto haruhusiwi kucheza humo hata kwa dakika moja.

Desemba, mwishoni

Oringi zote, yaani pete za mpira zinazoziba maungio ya kegi, zimebadilishwa. Kegi moja ilikuwa na harufu ya soda ya zamani ambayo haikutoka kwa kuosha. Harufu ilikuwa imekaa kwenye mpira, si kwenye chuma. Kuanzia sasa kila kegi na kila mpira wa kupitisha kinywaji una alama ya rangi: nyekundu choya, njano tangawizi, kahawia ukwaju. Mpira uliopitisha tangawizi hautapitisha kingine, kwa kuwa hata ukiuosha utanukia tangawizi tu.

Januari, mwanzo

Pishi la kwanza la kweli. Joto la nje limepita 32, na jikoni usiseme.

Tangawizi ya Same, imeoshwa kwa brashi kabla ya kumenywa. Inatoka kwenye udongo na udongo umejaa viumbe. Nimeisaga, nikaichemsha na mdalasini na iliki, nikachuja kwa kitambaa mara mbili, ndipo sukari na ndimu. Baada ya hapo kinywaji kimepandishwa mpaka digrii 85, kikashikiliwa hapo dakika chache, kikamiminwa kikiwa moto kwenye kegi safi. Moto wa kinywaji unaua kilicho ndani ya kuta za kegi pia, na kwa kinywaji chenye asidi nyingi hilo ni kinga kubwa. Unatakiwa glavu nene na mtu wa pili wa kushika. Lita 19 za maji ya digrii 85 zikikumwagikia miguuni ni hospitali.

Kuna hatua ndogo hapa ambayo ikirukwa kazi yote imekwenda bure. Kinywaji kikipoa kinanywea, na ndani ya kegi kunakuwa na mvuto. Mfuniko wa kegi hizi unakazwa na presha ya ndani. Kukiwa na mvuto unalegea na kunyonya hewa ya jikoni pamoja na hamira zake. Kwa hiyo mara baada ya kufunga naweka gesi, na naiongeza kadiri inavyopoa. Kutoa hewa iliyobaki juu ni rahisi: unajaza gesi mpaka presha ya paundi 30 kwa inchi ya mraba, unaachia kwa valvu ya usalama, unarudia. Kila mzunguko unabakiza theluthi moja ya hewa iliyokuwapo. Mizunguko mitano inashusha oksijeni kutoka asilimia 21 mpaka chini ya moja ya kumi ya asilimia moja.

Kisha kegi inaingia kwenye beseni la maji, maji yanabadilishwa, halafu barafu. Nataka ishuke chini ya digrii 21 ndani ya saa mbili kabla haijaingia friza, ambalo halishushwi mpaka kugandisha. Ukiingiza kegi yenye moto kwenye friza unazipasha joto zilizomo.

Choya imenipa kazi ya namna nyingine. Rangi yake nyekundu ni ya anthosiania, na hizo zinachoka kwa joto, kwa mwanga na kwa oksijeni. Ukichemsha muda mrefu unapata kitu cha kahawia chenye ladha ya majani makavu. Nimejaribu pia kuongeza vitamini C, kama wanavyoshauri wengi ili isioksidike, na rangi imekwenda haraka zaidi. Vitamini C na anthosiania hazikai pamoja vizuri. Kinachofanya kazi ni kuroweka maua ya Dodoma kwenye maji ya moto, kuchuja, kupandisha joto kwa muda mfupi na kupoza kwa haraka. Ndani ya stenlesi hakuna mwanga, hakuna hewa. Choya ya kegi baada ya siku kadhaa ilikuwa nyekundu kuliko ya chupa iliyotengenezwa siku hiyo hiyo na kukaa kwenye friji ya kioo.

Ukwaju bado unanisumbua. Hata ukichujwa unaacha nyuzi na ute unaoshuka chini, na bomba la kegi linanyonya kutoka chini kabisa. Glasi za kwanza zinatoka nzito, za mwisho maji. Tutautuliza kwenye ndoo usiku mzima ndani ya friji na kukinga maji ya juu tu.

Januari, nusu ya pili

Hii ndiyo sehemu niliyoingojea: kupima kama hamira imeingia. Kwa kila kegi tunajaza chupa mbili ndogo za plastiki zilizosafishwa kwa dawa: moja inakingwa moja kwa moja kwenye tundu la kegi, nyingine inakingwa kwenye koki, baada ya kinywaji kupita mpirani. Zenye gesi zinatikiswa kwanza mpaka gesi itoke. Chupa zinafungwa na kuwekwa kwenye rafu, kwenye joto la chumba, na kila asubuhi tunaziminya.

Kuminya kunatosha, na nimepiga hesabu kuwa na uhakika. Zile gramu 8 za sukari zinazotoa kileo cha nusu asilimia zinatoa pia gesi gramu 4 kwa lita, sawa na ujazo mara mbili wa kinywaji chenyewe. Kwenye chumba cha digrii 30 gesi hiyo ndani ya chupa iliyofungwa inafikia bar 2. Chupa inakuwa ngumu na kuvimba kitako muda mrefu kabla ya hapo. Kwa maneno mengine, plastiki inatoa taarifa mapema kuliko kileo. Haidromita, ya kupimia sukari iliyobaki, ipo ya kuhakikisha, ila kidole gumba ndicho kinachotangulia.

Matokeo: chupa zilizokingwa kwenye kegi zimebaki laini, choya na tangawizi zote, wiki baada ya wiki. Zilizokingwa kwenye koki zilianza kukaza kabla juma halijaisha, na moja ya tangawizi ilipofunguliwa ilitoa harufu ya wazi ya togwa lililolala. Pishi moja, kegi moja, siku moja. Tofauti yao ni mita chache za mpira na koki.

Hapo mradi umegeuka. Tulikuwa tunafikiria kegi, muda wa kegi, joto la kegi, na hayo yote yako sawa. Kinachoharibu kinywaji kiko kwenye hatua za mwisho kabla ya glasi. Mdomo wa koki una tone la sharubati lililokaukia, vijinzi vya matunda vinatua hapo, na vijinzi hivyo ndivyo wabebaji wakubwa wa hamira. Ndani ya mpira kinywaji kilicholala usiku kina joto la chumba, hakina joto la friza. Kutoka hapo viumbe wanapanda juu, kidogo kidogo, kuelekea kwenye kegi.

Februari, mwanzo

Ratiba mpya ya usafi, na hii haina huruma.

Kila jioni mpira unachomolewa kwenye kegi na kusukumiwa maji safi mpaka yatoke yasiyo na rangi. Mdomo wa koki unafunguliwa, unasuguliwa kwa brashi ndogo, unalala kwenye dawa na unafunikwa. Wenye bia wanaosha mabomba yao kwa kostiki, yaani soda kali ya kusafishia, kila wiki mbili. Sisi wenye sukari tupu tunaosha kila wiki, na pia kila kegi inapobadilishwa. Kostiki ya asilimia 2, dakika 15 ikizunguka, miwani na glavu usoni na mikononi, halafu maji mpaka kipimo cha pH kisome sawa na maji ya bombani. Mwisho ni dawa ya asidi ya peracetiki, ile wanayotumia wasindikaji wa maziwa.

Kwa kegi yenyewe kuna tahadhari: kostiki haiingii kwenye kegi iliyojaa gesi ya kaboni. Inaila gesi hiyo na kuacha utupu, na matangi makubwa ya viwandani yamewahi kubonyea kwa sababu hiyo. Gesi inatolewa yote kwanza.

Jik nimeiondoa kabisa chumbani. Watu wanaipenda kwa sababu ipo kila duka, lakini klorini inatoboa stenlesi vitundu vidogo ikiachwa, na ikikutana na mabaki ya choya au ukwaju, ambavyo ni asidi, inatoa gesi ya klorini. Kwenye chumba kidogo hilo halikubaliki.

Tumefunga pia mnara wa koki kwa sponji ya mabomba ya AC na kupitisha hewa baridi ya friza mpaka nyuma ya koki kwa feni ndogo ya kompyuta. Mpira sasa unalala baridi.

Chupa za majaribio zinazokingwa kwenye koki zimekuwa laini tangu ratiba ianze. Tunaendelea kuziminya.

Februari, katikati

Povu. Tangawizi kwa digrii 4 na presha ya paundi 30 inabeba gesi karibu mara nne ya ujazo wake, na hivyo ndivyo watu walivyozoea soda ya tangawizi iwe. Kinywaji hicho hicho kwa digrii 30 kingebeba mara mbili tu. Kwa hiyo kikipata joto njiani, nusu ya gesi inatoka kwa pamoja na glasi inajaa povu. Dawa yake ni mpira mwembamba, milimita 5 kwa ndani, na mrefu, mita 8 zilizokunjwa ndani ya friza, ili presha iishie njiani taratibu. Fundi aliona tunapoteza mpira. Tulipofunga mfupi akaona mwenyewe.

Ukwaju hautaki gesi. Ukiusukuma kwa gesi ya kaboni hata kwa paundi 5, baada ya siku kadhaa kwenye baridi umeshanyonya karibu mara mbili ya ujazo wake, na mteja anauliza kama umechacha. Swali hilo sitaki kulisikia kwa kinywaji kizima. Nitatafuta mtungi wa naitrojeni, ambayo haiyeyuki kirahisi. Regulata yake, kifaa cha kupunguza presha, ni nyingine, presha ya mtungi ni kubwa zaidi. Mpaka hapo ukwaju unabaki kwenye jagi.

Februari, mwishoni

Umeme umekatika mchana kutwa, na tumepata kipimo ambacho tusingekipanga. Friza la kulala lililojaa kegi limepanda digrii moja kwa saa kadhaa, kwa sababu kila kegi ya lita 19 inahitaji kilojuli 80 ili ipande digrii moja, na friza halikufunguliwa. Sharti letu: umeme ukikatika, hakuna kuuza kwa koki hadi urudi, mfuniko wa friza haufunguliwi, na chupa za maji yaliyoganda zinawekwa mapema pembeni mwa kegi. Friza lisibaki nusu. Kegi za kinywaji zikipungua, nafasi inajazwa kwa kegi za maji.

Nimekwenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, kuuliza kuhusu mafunzo, na nimeanza fomu za TBS, Shirika la Viwango, ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia usalama wa chakula Bara. Daftari hili la pH, joto na tarehe litakwenda nalo.

Ramadhani, juma la kwanza

Futari ya kwanza kwenye uwanja wa msikiti wa jirani. Kegi za choya na tangawizi, koki mbili, beseni la barafu lenye koili ya stenlesi ya fundi. Zimebebwa kwenye kirikuu alasiri, zimefungwa magunia yaliyoloweshwa, na zimefika na digrii 6.

Muda ulioandikwa kwenye mifuniko ni huu: kegi iliyofungwa na haijaunganishwa, ikiwa baridi wakati wote, wiki nne kwa tangawizi na tatu kwa choya. Ningeweza kuongeza kwa jinsi chupa zinavyoonyesha, lakini nataka msimu mzima wa kiangazi upite kwanza. Kegi iliyounganishwa na koki, siku tatu. Jioni ya siku ya tatu kilichobaki kinagawiwa au kinamwagwa. Imamu alipoona tarehe kwenye mfuniko aliuliza mara moja kwa nini tatu, na nilipomweleza habari ya zabibu alitabasamu na kuomba glasi ya pili ya choya.

Mzee mmoja alitaka kujua kama tangawizi yenye gesi nyingi hivyo ina hamira. Nikamwonyesha mtungi, nikampa chupa ya majaribio ya kegi ile ile aiminye. Ameiminya, akaipitisha kwa wenzake mkekani. Nitakuwa nabeba chupa hizo kila shughuli.

Mipira imesukumiwa maji kabla ya tarawehe, midomo ya koki imevuliwa na kufunikwa. Kegi moja ya choya haikuunganishwa na imerudi friza, tarehe yake ni ile ile. Oda inayofuata ni ya Mbagala, na ukwaju wameuomba kwa jina. Naitrojeni lazima ipatikane kabla ya Idi.